Sekunde Arobaini

Niliajiriwa kushika fimbo ya kinasa sauti,
fimbo ndefu, mwishoni ina mnyama wa manyoya
ambaye watoto wa Kiboriloni walimwita paka.
Kazi yangu kunyoosha mikono, kubana pumzi,
nisionekane. Siku kumi na moja
nyuma ya wazee watano na magitaa yao,
Moshi, Himo, Same, Boma, Arusha.
Bendi inaitwa Ngurumo Sita.
Wa sita, Elifuraha, yuko Rau, chini ya saruji na migomba,
na jina bado ni Sita. Nani angethubutu kulipunguza?

Mwaka sabini na tatu walipiga roki,
roki yenyewe, gitaa likikereza kama msumeno wa Rongai,
suruali zikifagia sakafu, nywele zikigusa fremu ya mlango.
Mchungaji aliwaombea, kila mmoja kwa jina lake.
Sasa Ndekirwa wa ngoma hupanda jukwaani
na kiti cha ziada, cha plastiki, kwa ajili ya goti.
Braganza wa besi anapima sukari koridoni,
anaandika namba nyuma ya orodha ya nyimbo;
kule Same karatasi iligeuzwa, Anaeli akatangaza
wimbo wa kwanza: Kumi na Moja Nukta Mbili.
Watu walishangilia.

Mwongozaji, kijana wa Ngarenaro, kofia hata usiku,
alitaka ukweli.
Ukweli ulihitaji marudio.
"Shukeni tena garini, wazee. Shukeni kama mmechoka."
"Tumechoka," akasema Ndekirwa.
"Naam, lakini kamera haikuona."
Wakapanda, wakashuka, mara tatu,
mpaka uchovu ukafanana na uchovu.

Akawauliza ugomvi wa mwaka themanini na moja.
Nani alianza? Fedha? Mwanamke?
Braganza alitazama ndizi sahanini.
Anaeli akasema: "Uzi wa gitaa."
Kisha basi.
Nilikinasa kimya kile, dakika moja na sekunde nane,
ndani yake kuna jokofu, na jogoo wa mbali.
Kilikatwa. Kimya hakiuziki, niliambiwa.

Usiku wa Arusha, baada ya onyesho la Kaloleni,
betri ya kamera ilikufa, mwongozaji akaenda kula chipsi mayai.
Mimi nilisahau kuzima mashine.
(Nasema nilisahau.)
Jikoni mwa nyumba ya wageni Anaeli alilifungua
gitaa la Elifuraha, alilokataa kuligusa miaka yote,
akaanza kufunga uzi mpya.
Braganza akampa sauti, mdomo umefungwa:
mm, juu kidogo, umepita, rudi.
Uzi ukapanda, ukapanda, ukakaa.
Mmoja akakohoa. Mmoja akasema,
"Nilikuwa mimi."
Mwingine: "Najua. Nipe chumvi."

Jumamosi filamu ilionyeshwa Moshi, ukumbi wa ushirika,
shuka jeupe ukutani, mabenchi ya kuazima kanisani.
Pale pasipo na picha tuliacha peusi,
sekunde arobaini.
"Umeme!" akapiga kelele mtu wa nyuma. "Wameukata tena!"
Simu zikawaka tochi. Mtu akamwita fundi,
fundi akaulizwa dizeli, mtoto akalia,
na "nilikuwa mimi" ikapita juu ya vichwa
kama nzi aliyekosa dirisha.

Ila mama Aikaruwa, mjane, safu ya pili,
aliusikia uzi ukipanda. Aliinua kidole,
akakiacha hewani,
akakishusha pale hasa ulipofika.

Kisha picha ikarudi. Wazee wanashuka garini,
ile mara ya tatu.
Ukumbi mzima ukapiga makofi.